Mbuni Saba, Paa Tena

Baba mkwe wangu aliendesha malori makubwa tangu meno yake yote yakiwa ya kwake. Alipostaafu akaja kuishi kwetu na goti bovu, mto wake mwenyewe wa kulalia, na tabia ya kumfundisha kila mtu kuendesha kila kitu. Alimfundisha mume wangu kuendesha baiskeli, mtu mwenye mvi tayari. Mimi alinifundisha kuendesha cherehani, eti nakanyaga sana kwenye kona. Jirani akipita na toroli, mzee husimama dirishani akamwelekeza: rudi nyuma kidogo, kata kushoto, haya, nyoosha.

Mume wangu ni fundi umeme na hana maneno mengi. Alivumilia mpaka uvumilivu wenyewe ukaomba likizo. Siku moja akaleta kompyuta iliyotumika, usukani wa michezo wenye kanyagio zake, na programu ya kurusha ndege, akaunganisha vyote chumbani kwa mzee.

"Baba," akamwambia, "huku hakuna abiria wa kulalamika. Endesha utakavyo."

Nikajisemea, huyu atachoka kabla vumbi halijashika kwenye skrini. Hakuchoka. Kumbe huko mtandaoni aliwakuta wenzake, wastaafu kwa wastaafu, kila mmoja yuko nyumbani kwake na hedifoni kichwani, wote wanaruka katika anga moja na kusikilizana redioni kwa Kiswahili. Kila rubani ana jina lake la redio. Mzee akajiita Mbuni Saba. Nilipomkumbusha kwa adabu kwamba mbuni ni ndege asiyeruka, akanitazama kwa huruma.

"Ndiyo, lakini umewahi kumwona akipitwa barabarani?"

Chumba chake na chetu vimetenganishwa na ukuta mwembamba kama ahadi ya mgombea. Mimi hushonea chumbani kwetu, pale kwenye cherehani na meza ya kupigia pasi, kwa hiyo kila walichosema nilikisikia. Uwanja wao ulikuwa mfano wa uwanja mdogo ulio mwisho wa mji wetu, na mnarani hakuwepo mtu wa kuongoza ndege. Kila mzee alitua alipojisikia. Waligombea njia ya kutua kama kuku wanaogombea punje, na kwa kuwa ndege za kompyuta zikigongana hupenyana tu kama mizimu, hakuna aliyejifunza lolote.

Siku moja nikampelekea chai. Kwenye skrini nikaona ndege tatu zinaelekea mahali pamoja, na wenyewe wanabishana nani alifika kwanza. Mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu.

"Baba, samahani. Huyo wa ndege nyekundu yuko karibu zaidi, angetangulia. Wewe ungezunguka kidogo, na yule wa tatu akaja nyuma yako."

Sikujua kwamba maiki ilikuwa wazi. Sauti ya mtu asiye na haraka ikauliza, "Nani huyo mwenye akili?"

Alikuwa rafiki mkubwa wa mzee, fundi saa, ambaye redioni anaitwa Kobe Mbili na jina limemkaa kama ngozi. Mtu huyo hufanya kila jambo kana kwamba yuko ndani ya saa ya mtu na akipiga chafya springi itaruka.

"Mkwe wangu," mzee akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa lori hili jipya ni la nani.

Basi wakaniomba niwe mnara wao. Lakini mtandao ule una sheria zake. Mnara haufunguliwi na kila mwenye mdomo. Lazima ujifunze, kisha ufanyiwe mtihani wa vitendo: unaongoza ndege za watu halisi, na mtahini yuko kimya masikioni mwako anasikiliza. Ukifaulu, uwanja unafunguliwa rasmi na marubani wa mbali wanaruhusiwa kuja. Ukishindwa unapewa nafasi moja ya kurudia. Ukishindwa tena unarudi darasa la kwanza kama hujawahi kufika, na siku ya ufunguzi wanapewa wenye uwanja mwingine.

Nikajiandikisha, na mume wangu akaniletea kompyuta nyingine iliyotumika na hedifoni, akaviweka kando ya cherehani. Watu wakaniuliza, mama mzima, unatafuta nini kwenye mchezo? Mwenyewe nilijua. Mimi nimesubirishwa sana hapa duniani. Nimesubiri kwenye mabenchi ya ofisi hadi mbao zikanizoea. Nimefua mashuka ya hoteli, nimefagia soko, nimepokea simu za kampuni ya mabasi nikitukanwa na watu waliochelewa basi lao wenyewe. Kila mahali nimeambiwa: ngoja hapo, mama, utaitwa. Sasa fikiria mahali ambapo watu wazima wenye mashine zao wananing'inia hewani na kusema, Mnara, tunakusubiri wewe. Utamu wake sitaki hata kuueleza, nisije nikatozwa kodi.

Kujifunza hakukunisumbua. Skrini ya mnara ina vinukta vingi, na mimi vinukta havikai kichwani, kwa hiyo nilichora njia ya kurukia kwa chaki kwenye meza ya kupigia pasi, nikatumia vifungo. Kifungo cha koti ni ndege kubwa, cha shati ni ndege ndogo, na kile chenye ua cha gauni la bibi harusi aliyeghairi ni Mbuni Saba. Ndege ikisogea, nasogeza kifungo. Sheria ikawa moja tu: njiani kuna kifungo kimoja, hakuna viwili. Mengine yote ya mnara ni mapambo.

Na rubani akiagizwa, lazima arudie agizo kama alivyolisikia, ili ijulikane limeingia sikioni. Nilipenda hilo mno. Nikajaribu kulileta jikoni. Nikimwambia mume wangu, "Leta maji," namngoja arudie. Alirudia siku mbili, kisha akasema atahama mtandao.

Tatizo langu lilikuwa mtu mmoja, na alikuwa nyuma ya ukuta.

Mtahini wetu ni mwanamke. Mchana ni daktari wa meno, na ana sauti ya mtu anayekwambia haitauma huku ameshaficha mkono nyuma. Siku ya mtihani wa kwanza nilienda vizuri. Nikaondoa ndege, nikashusha ndege, vifungo vikateleza kwa chaki yao. Kisha Kobe Mbili akatua, akasimama katikati ya njia, akaanza kusoma karatasi yake ya ukaguzi kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anamsomea mgonjwa. Nyuma yake Mbuni Saba anashuka.

Hapo kuna maneno mawili tu ya kusema. Maneno yenyewe ni "paa tena": acha kutua, panda juu, zunguka, uje upya. Mtoto wa chekechea anaweza kuyasema. Mimi nikafungua maiki nikasikia kinywa changu kinasema:

"Mbuni Saba, shikamoo baba, samahani sana kukusumbua, naona kama kuna mwenzako bado yuko njiani, sasa sijui kama utaona vyema labda, kama hutajali…"

Nilipofika kwenye "hutajali" Mbuni Saba alikuwa ameshatua juu ya mgongo wa Kobe Mbili. Wakapenyana. Kobe akaendelea kusoma karatasi yake, hakuhisi kitu.

Mtahini akacheka kwanza, nadhani bila kukusudia, ndipo akaniangusha.

"Ndege nyingine zote unaziagiza," akasema. "Hiyo moja unaibembeleza. Kwani huyo rubani ni nani?"

"Baba wa mume wangu."

"Hewani hakuna baba wa mtu," akasema. "Utarudia mtihani Jumapili ijayo."

Rahisi kusema. Yeye huwaambia wazee wafumbue midomo na wanafumbua. Mimi katika nyumba ile sijawahi kumwambia baba mkwe hata asogee nipite. Nikitaka kupita huwa nasimama pembeni nasafisha koo mpaka mwenyewe agundue kwamba ana miguu.

Mzee akatoka chumbani anachechemea, uso umejaa pole.

"Wamekuangusha?"

"Wameniangusha, baba."

"Kosa gani?"

"Wanasema kuna rubani mmoja amenivuruga."

"Nani?"

"Hawakutaja, baba. Labda mtandao pia ulikuwa mbovu."

Akatikisa kichwa. "Mtandao gani. Ni Kobe. Nilijua tu. Mtu anasimama katikati ya njia anasoma kama yuko maktaba. Huyo mwachie mimi."

Na kweli alimshughulikia. Wiki nzima nilisikia kupitia ukutani fundi saa wa watu akitukanwa kistaarabu. Kila wakiruka, mzee anamwambia: "Kobe, unajua umemwangusha mtoto wa mtu?" Na Kobe wa watu, kwa upole wake, anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, na anaahidi safari hii atasoma haraka. Mimi nimekaa kwenye cherehani, nyuzi zinakatika ovyo, nikijua fika kwamba adui anayesakwa ndiye anayesaka.

"Mwambie ukweli," mume wangu akasema.

"Wewe mwambie. Ni baba yako."

"Ndiyo maana siwezi."

Tukakaa kitandani tukitazamana kama wezi waliosahau walikuja kuiba nini. Kisha akapata wazo. Akatoka, akarudi amevaa kofia ya babake, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akanyoosha goti moja mbele kama linauma.

"Haya," akasema, akikohoa kikohozi kile kile cha mzee. "Mimi ni Mbuni Saba. Nashuka. Kobe yuko njiani. Niagize."

Nikavuta pumzi. Nikamtazama mume wangu, baba wa watoto wangu, mtu ninayemwamuru tangu jogoo awike.

"Shikamoo," nikasema.

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaiokota, akaivaa tena, tukarudia. Mara ya pili nikasema, "Baba, ungependa kupaa?" Mara ya tatu nilisema "paa" vizuri kabisa, ila nilikuwa nimepiga goti.

"Nimpeleke akapimwe mguu Jumapili," mume wangu akasema mwishowe. "Asiwepo. Ufanye mtihani wako kwa amani."

Wazo lilinivutia, nisiseme uongo. Nililizungusha kichwani kama pipi mdomoni. Lakini mtihani bila ndege za kutosha haufanyiki, na wale wazee wote hurushwa na mtu mmoja. Mbuni Saba ndiye anayewapigia simu, ndiye anayewaamsha kwenye usingizi wa mchana, ndiye anayewakumbusha wenye dawa wanywe kwanza. Bila yeye ningekuwa naongoza kunguru.

"Mwache," nikasema. "Litakalokuwa na liwe."

Jumapili ikafika, jua limekaa juu ya paa la jirani. Nikachora chaki yangu upya. Mume wangu akakaa nje ya mlango kuzuia wateja wasiingie na vipimo vya nguo. Kupitia ukutani nilimsikia mzee akikusanya jeshi lake: "Wewe umeshaingia? Yule mwenye kisukari amekula? Haya, na leo adabu, mnasikia? Leo hakuna kumchanganya mkwe wangu. Kobe, nakuangalia."

"Nipo, Mbuni," Kobe akajibu. "Leo nitasoma kimoyomoyo."

"Mnara," sauti ya daktari wa meno ikasema sikioni mwangu, "anza."

Nikaanza. Nakwambia siku ile anga ilijaa. Wazee walikuwa wamealika wazee. Kulikuwa na aliyekuwa karani wa mahakama, akitaka kutua anasema "naomba kuwasilisha ombi la kutua". Kulikuwa na mkunga mstaafu, yule akiagizwa kusubiri anajibu, "Nasubiri, wanaokuja huwa hawana haraka, nawajua." Kila sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtu wa kuamkiwa, na kila mara shikamoo ilinipanda kooni nikaimeza. Kwa hesabu ya adabu nilikuwa nimeshakosana na nusu ya mji. Lakini ndege zilikuwa zinatua. Kifungo kimoja njiani, kinatoka, kingine kinaingia. Mabega yangu yakashuka. Nikajikuta natabasamu na meza ya pasi.

"Mnara, Mbuni Saba, naja kutua."

"Mbuni Saba, endelea. Wewe ni wa pili, nyuma ya Kobe Mbili."

"Wa pili nyuma ya Kobe Mbili, kwa masikitiko, Mbuni Saba."

Kobe akatua. Alitua vizuri, laini kama anaweka glasi ya saa mahali pake. Nikamwambia aondoke njiani kwa kushoto.

"Naondoka kwa kushoto, Kobe Mbili," akasema. Na hakuondoka.

Nikangoja. Kifungo chake kiko pale pale kwenye chaki.

"Kobe Mbili, ondoka njiani kwa kushoto."

"Naondoka, Mnara. Ni kwamba nikisoma kimoyomoyo napoteza mstari. Imebidi nianze upya."

Nikatazama skrini. Kinukta cha Mbuni Saba kiko nje tu ya njia, kinashuka. Nikashika kifungo chenye ua. Nikafungua maiki. Nikalisikia neno "baba" linakuja, liko nyuma ya ulimi, limeshavaa na viatu. Nikafunga mdomo likabaki ndani.

"Mbuni Saba, paa tena."

Hakurudia agizo. Kupitia ukutani nikasikia kiti chake kikilia.

"Mnara," akasema, na hapo haikuwa sauti ya rubani, ilikuwa ya dereva wa lori aliyesimamishwa kwenye daraja jembamba, "huyu Kobe ataondoka tu, mimi namjua. Nitampitia pembeni."

"Mbuni Saba, hakuna pembeni. Paa tena. Sasa."

Nikasikia kishindo cha kanyagio ukutani, kisha mngurumo wa injini ya kompyuta ukipanda, na kinukta kikapita juu ya Kobe na kuendelea kupanda, kidogo kidogo, kama mtu mwenye goti bovu anayepanda ngazi.

"Napaa tena," akasema. "Mbuni Saba."

Alilisema kama mtu anayekabidhi ufunguo. Mlangoni mume wangu alikuwa ameingiza kichwa, macho yamemtoka. Nikamfukuza kwa mkono.

"Mbuni Saba, kata kushoto, zunguka, wewe ni wa kwanza."

"Kushoto, nazunguka, wa kwanza, Mbuni Saba." Kisha akaongeza, "Mnara, nina swali."

"Sema."

"Ile mara ya kwanza. Ulinibembeleza na kunipa shikamoo. Yule rubani aliyekuangusha." Akakohoa. "Alikuwa mimi?"

Anga nzima inasikiliza. Mkunga, karani wa mahakama, mwenye kisukari, wote. Na daktari wa meno na kalamu yake.

"Mbuni Saba," nikasema, "hii si saa ya maswali. Endelea kushoto."

"Naendelea kushoto," akasema. "Alikuwa mimi."

"Hata mimi nilihisi," Kobe akasema taratibu, akiwa ameshatoka njiani hatimaye. "Ila nilidhani si vizuri kukukatiza, ulikuwa unanitukana."

"Kobe Mbili, toa sauti yako redioni," nikasema, na jinsi lilivyotoka, lilitoka lenyewe, halikuhitaji hata kusukumwa.

Nikampa Mbuni Saba ruhusa ya kutua. Akatua kama anavyotua siku zote, yaani akadunda, akafikiri, akadunda tena.

"Mnara, naomba kujua," karani wa mahakama akasema, "mwenzetu alipewa ruhusa ya kutua mara ngapi? Maana mimi nimehesabu zaidi ya moja."

Mtahini aliniacha nimalize ndege zilizobaki. Kisha akanivuta pembeni, kwenye chumba cha redio cha watu wawili, akaanza kunisomea makosa yangu. Nasema maneno mengi. Nilimwambia mkunga "pole na kusubiri", na pole si lugha ya mnara. Nilicheka maiki ikiwa wazi. Aliendelea muda mrefu na mimi nikakaa mikono mapajani, kama kwenye kile kiti chake cha kazini, nikingoja jino litoke.

"Umefaulu," akasema. "Jumamosi fungua uwanja wako."

Nikavua hedifoni. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka ukuta.

Mzee alikuwa ameshasimama koridoni. Mlango wa chumba chetu hajawahi kuuvuka, na hata siku ile alisimama hatua moja nje yake, amejishikilia ukutani. Mume wangu alikuwa amepotea ghafla. Mafundi umeme wana kipaji hicho, kukiwa na moto huwaoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekupa?"

"Wamenipa, baba."

Akatikisa kichwa, kisha akanikazia macho. "Kwa hiyo wiki nzima nimemtukana Kobe bure."

"Nilisema labda ni mtandao, baba."

"Usinizungushe. Nimeshazunguka leo vya kutosha." Akalisogeza goti lake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba? Wewe ni baba."

Akasugua ukuta kwa kidole kana kwamba anatafuta rangi yake ya zamani.

"Nilikuwa na utingo," akasema, "mtu mzima, tena mstaarabu sana. Nikirudisha lori nyuma, kazi yake kusimama kule nyuma na kunielekeza. Siku moja narudi nyuma, namwona kwenye kioo anakuna kichwa. Anakuja mbio mpaka dirishani, anavua kofia, anasema, mzee, samahani, sijui nianzie wapi. Alipopata pa kuanzia, nilikuwa nimeshaingia ndani ya choo cha kituo cha polisi."

"Kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa na mkuu wa kituo."

Nilijaribu. Nakuapia nilijaribu kujizuia, nikauma hata ukosi wa gauni langu. Lakini mzee mwenyewe ndiye aliyeanza, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikashindwa, tukacheka pale koridoni mpaka mume wangu akatokeza kuona nani anakufa.

"Sasa sikiliza," mzee akasema akijifuta macho, sura ya ukali ikirudi. "Nina malalamiko kuhusu leo."

"Nisamehe, baba."

"Usiombe msamaha, bado sijasema. Umeniambia nikiwa chini mno. Nimeona mpaka kipara cha Kobe. Siku nyingine ukiona njia haiko wazi, niambie mapema. Mimi ni mtu mzima, nina mzigo, siwezi kupanda ghafla hivyo."

"Sawa, baba."

"Rudia."

"Nikuambie mapema, baba."

"Haya." Akageuka kurudi chumbani kwake. "Ngoja nikamwombe radhi Kobe. Itachukua siku nzima, yule akisamehe husamehe mstari kwa mstari."

Jumamosi tukafungua uwanja. Sijawahi kuona vinukta vingi vile. Walikuja marubani wa mbali ambao hata sauti zao zilikuwa na mwangwi wa sehemu nyingine, na wote, mmoja baada ya mwingine, wakasema sentensi ile ile, Mnara, tunakusubiri wewe. Vifungo vya shati viliniishia nikaanza kutumia pini.

Tulikuwa tumekubaliana Mbuni Saba atue wa kwanza, kwa heshima. Alijiandaa tangu asubuhi, amenyoa na ndevu, sijui kwa ajili ya nani. Lakini alipokuwa bado mbali, akatokea rubani mgeni, kijana wa sauti nyembamba, amepotea njia na mafuta yake yanakaribia kwisha. Nikatazama meza. Njia moja, vifungo viwili. Sikusafisha koo.

"Mbuni Saba, nakuambia mapema. Kuna mwenye shida mbele yako. Kata kushoto, zunguka, subiri juu."

"Kushoto, nazunguka, nasubiri juu," akajibu hapo hapo. "Na nimeambiwa mapema, Mbuni Saba."

Mgeni akatua salama. Nyuma yake akaja mwingine mwenye haraka, kisha mwingine, na mzee akabaki kule juu akizunguka, duara baada ya duara, hatoi lalamiko hata moja. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mwishowe Kobe, aliyekuwa ameegesha kando na karatasi yake mkononi, akamuuliza, "Mbuni, huko juu unafanya nini muda wote huo?"

"Naangalia," mzee akasema. "Uwanja wa mkwe wangu umejaa mpaka milangoni. Wewe kaa hapo hapo usimzibie njia."